Gia ya Yolima na Lori la Maziwa

Haya ninayowaandikia hamtayaamini. Hata padre wetu, ambaye kuamini ndiyo kazi yake, aliniangalia kwa jicho la pembeni. Lakini katika mkoa wetu wote wa Boyacá hakuna aliye hai anayejua baiskeli kunizidi, kwa hiyo kaeni mnisikilize.

Yolima ni mpwa wangu, binti wa dada yangu Ermelinda. Ni mwembamba, mkaidi, mashavu mekundu kwa baridi ya huku milimani. Kila asubuhi alipeleka maziwa ya ng'ombe wa mama yake kwa mgongo wa farasi hadi juu kilimani, lori la maziwa linakopita. Farasi alipozaa, Yolima akanunua baiskeli mpya ya gia, akafunga mtungi wa maziwa kwenye keria. Alikuwa hajawahi kumiliki baiskeli maishani mwake, aibu kubwa kwa ukoo kama wetu.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha gia ikaanza ukorofi. Akibonyeza apate ile nyepesi ya kupandia mlima, mnyororo unasitasita, unagongagonga, unarudi ulikotoka. Na kwetu ukisema baiskeli inakusumbua, umeita kijiji kizima. Hakuna mwanamume huku ambaye ujanani hakubakiza kidogo tu awe bingwa wa mbio za baiskeli. Mchinjaji akaja na bisibisi, akakaza skrubu za gia. Mwuza mikate akazilegeza. Mimi, kama mkubwa wao, nikazizungusha zote. Kesho yake mnyororo ukaruka, ukajichomeka kwenye spoku, Yolima akaanguka, na lori likaondoka bila maziwa yetu.

Haikuwa mara ya kwanza. Belarmino, dereva wa lile lori, si mtu mbaya, ila naye ana wakubwa wake. Akamwambia Ermelinda kwamba akikuta tena hapana mtu, hatasimama tena pale. Bila lori, ng'ombe wangeuzwa. Mnunuzi alishakuja kuwapapasa mbavu, na Yolima alimtazama tu kutoka mlangoni, bila kumkaribisha hata kikombe cha maji moto ya sukari guru tunachompa kila mgeni.

Jioni ile Yolima akazirudisha skrubu polepole, hadi mnyororo ukaacha kurukia spoku. Lakini kwenye gia nyepesi bado ulikataa kupanda.

Asubuhi tukaondoka, yeye kwa baiskeli, mimi kwa miguu nikimpa mashauri. Ukungu ulikuwa mzito. Pale kilima kinaposimama kama ukuta, akabonyeza. Mnyororo ukagonga, ukagoma. Akakanyaga na gia nzito hadi baiskeli ikasimama, mtungi ukayumba, nikaudaka. Hapo tukasikia honi. Lori lilikuwa limefika kwa majirani zetu, akina Pulido, na baada yao ni sisi.

Nikatoa bisibisi.

"Mjomba, rudisha hiyo mfukoni."

"Mwanangu, mimi nimeshindana na watu wakubwa."

"Umeshindana na mbuzi. Shusha mtungi, nyanyua gurudumu la nyuma, halafu nyamaza."

Nikanyanyua. Akachuchumaa, akawa anazungusha pedeli kwa mkono, macho yake usawa wa mnyororo. Ndipo akaona tulichokosa kukiona sote. Waya wa gia, kama ilivyo kawaida ya waya mpya, ulikuwa umelegea kwa kuvutwa kila siku. Sasa hata skrubu ungezikaza hadi kesho, zisingesaidia kitu. Pale waya unapoingia kwenye gia ya nyuma kuna kidude cha kuzungusha kwa vidole. Akakizungusha. Mnyororo ukapanda kidogo, ukaanguka. Honi tena, karibu zaidi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akavipulizia, akazungusha tena. Ukapanda, lakini unakwaruza. Nikamwambia inatosha, twende. Akakirudisha kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mama mkwe. Kukwaruza kukakoma.

Tukafunga mtungi, akapanda. Juu yetu, nyuma ya kona, injini ya lori ilikuwa imetulia. Likangoja kidogo. Kisha likaanza kuunguruma kama linataka kuondoka. Yolima hakupiga kelele, pumzi yake yote ilikuwa miguuni. Akabonyeza, mnyororo ukapanda bila ubishi, miguu ikazunguka upesi, akapotea ndani ya ukungu.

Nilipofika juu nikakuta lori limesimama katikati ya barabara, Yolima mbele yake na baiskeli ameikingamisha, na Belarmino anamimina maziwa yetu kwenye tangi. Ng'ombe wakabaki wetu. Sasa ndiyo ile sehemu ambayo hamtaiamini. Belarmino akanikumbatia huku analia, akasema, don Abelardo, bila wewe kumsukuma huyu binti kilima kizima kwa mkono mmoja, tungepoteza maziwa bora ya wilaya hii, na wale watu mia mbili waliojipanga barabarani wakaanza kuimba jina langu, nami nikiwa bado nimebeba—

"Mjomba," anasema Yolima, kumbe amesimama nyuma ya kiti changu anasoma, "ulipofika juu maziwa yalishachukuliwa, na lori lilishaondoka."