Nilivyomnusa Baba

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Muuza nyama akinipimia kilo, simwangalii usoni, namwangalia kidole. Kwa hiyo wiki ile wazazi wangu walipohamia kwangu hapa Dodoma, nikasikia harufu ya sigara kwenye koti la baba, sikujiuliza mara mbili. Nilijua ameanza tena.

Baba alikuwa amekatazwa. Nilimtoa kwao Bahi akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kushika ukuta. Daktari alituonyesha picha ya kifua chake, akasema bila kuzunguka: mapafu yamechakaa, mzee, ukivuta tena unamwacha mama huyu mjane. Baba, mstaafu wa reli aliyekuwa na sigara mdomoni tangu ujana wake, alitoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya meza ya daktari, akasema, "Basi." Nilifurahi hadi nikatokwa machozi. Na hapo hapo nikaanza kutomwamini. Wenzake wa genge la reli nao walikuwa wakiapa hivyo hivyo, na wawili kati yao nimewapikia wali wa msiba.

Koti lenyewe lilikuwa la kazini, zito, bluu iliyopauka. Lilining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa jiko la uani. Niliingiza pua hadi kwapani. Haikuwa harufu ya miaka, ilikuwa ya jana. Mfukoni nilikuta majivu, machache, ya kutosha kuchafua ncha za vidole.

Nilianzia dukani. Mwenye duka la mtaani kwetu ni mtu wa Kondoa, mpole, hakosi swala, na ndiyo maana nilimshuku zaidi.

"Unamuuzia baba yangu sigara," nikamwambia, hata salamu sijamaliza.

"Wallahi, dada, mzee hajanunua kwangu hata kiberiti," alisema. "Yeye na pipi kifua tu. Kila siku pipi kifua."

Nilirudi nyumbani nikitikisa kichwa. Mtu asiyevuta anataka pipi kifua za nini, kama si kuua harufu?

Baada ya hapo nilimfuata. Kila alasiri baba alikuwa akitoka na fimbo yake, akisema anakwenda kunyoosha miguu. Siku moja niliaga ofisini kwamba tumbo linaniuma, nikajibanza nyuma ya kibanda cha muuza vocha karibu na stesheni. Nilimwona kwenye benchi na wazee wawili wa reli. Wao walikuwa wanavuta. Upepo ulipogeuka, baba aliinuka, akahamia upande ambao moshi haukumfikia, akamenya pipi yake. Mtu mwingine angetosheka. Mimi nilijiambia, ameniona huyu, anaigiza.

Mama alinisihi. Nilimkuta anachambua mchicha, nikamweleza upelelezi wangu wote, na yeye hakuinua macho.

"Mwache baba yako, mwanangu. Ameacha."

"Ameacha wapi? Na wewe unamfichia. Sikia unavyokohoa! Moshi wake utakuua hata wewe."

Alikohoa tena, akaendelea na mchicha.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Baba alikuwa amekaa sebuleni, nimemwamkia vizuri, nimemletea maji ya kunawa. Kisha nikainama mbele yake, nikasema, "Baba, hebu nipumulie."

Kwetu mtoto hamwambii baba yake hivyo. Baba aliegemeza fimbo yake ukutani. Halafu alifumbua mdomo, akanipumulia usoni, taratibu, kwa shida ya kifua chake. Nilisikia harufu ya pipi kifua tu.

"Umeridhika, mama?" aliuliza. Ananiita mama tangu nikiwa mdogo.

Sikuridhika. Nilimwambia pipi zinaficha mengi. Aliweka kando bakuli la maji, hakula, akamwambia mama afunge mizigo, keshokutwa wanarudi Bahi. Nilijua maana yake. Bahi hapakuwa na mtu wa kumpeleka kliniki, na vumbi la kiangazi lingemmaliza kabla ya mvua. Nilikuwa namfukuza baba yangu akafie mbali, na bado kiburi changu kiliniambia kwamba mwenye kosa ni yeye.

Asubuhi ya safari niliamka mapema nikapekue begi lake. Ilikuwa Julai, na baridi ya Dodoma Julai haina adabu, inaingia hadi kwenye magego. Nilipofungua mlango wa uani niliona moto umewashwa jikoni, na mbele ya moto lile koti la bluu limenipa mgongo, ukosi umeinuliwa. Juu ya ukosi moshi ulikuwa unapanda, mwembamba, wa sigara.

Nisiwe mnafiki: nilifurahi. Nimekushika, nilisema moyoni. Nikaita kwa sauti ya kuamsha majirani, "Baba!"

Koti likageuka. Alikuwa mama.

Mkono mmoja ulishika koleo lenye kaa la moto, mwingine ulishika sigara. Hakuitupa. Nadhani hakujua aitupe wapi.

"Nilikuwa namwashia," alisema hatimaye.

Ndipo nilipoelewa kitu nilichokiona utoto wangu wote bila kukiona. Kwenye nyumba za reli tulikokulia, upepo ulizima kila kiberiti, na baba alikuwa hahangaiki. Alinyoosha mkono wenye sigara, bila kutazama, na mama aliipokea, akaenda nayo jikoni, akaigusisha kaa, akaivuta mpaka ishike, akamletea. Kama vile mtu anavyomletea mumewe maji. Wageni walimsifu: mke ana heshima. Hakuna aliyesema kwamba anavuta, hata sisi watoto. Mwanamke wa kwaya, balozi wa nyumba kumi, angevutaje?

"Mwanzo nilikuwa natema," mama alisema. "Baadaye nikawa nasubiri aniite. Alipoacha, mwanangu, hakuna tena wa kuniita. Nikaanza kuzinunua sokoni mwenyewe, moja moja."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, blanketi mabegani. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Mbona uliniacha nikakunusa kama mbwa wa polisi?"

"Ningesema nini? Aliyemfundisha ni nani?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye majivu, nikamwomba msamaha. Alinishika kichwa, hakusema amenisamehe, lakini basi la Bahi liliondoka bila wao.

Wiki ileile nilimpeleka mama hospitali, baba akakataa kubaki nyumbani. Daktari alikuwa yule yule. Aliitazama picha ya kifua cha mama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ya baba, nikaanza kuogopa. Kisha akauliza, "Nyumbani kwenu nani anavuta?"

Mama aliinamisha kichwa, akajifunika kanga mpaka kwenye paji.

"Mimi, daktari," alisema baba. "Nilidanganya. Sijaacha."

Lilikuwa ndilo neno nililolitafuta kwenye makoti, kwenye mifuko, kwenye pumzi yake. Sasa nimepewa bure, na nikaona kwamba nikilipokea, mama atarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Nilimwonea haya, nilimwonea huruma, lakini nilimwogopea zaidi.

"Si kweli, daktari," nilisema. "Baba ameacha. Anayevuta ni mama."

Daktari hakucheka wala hakushangaa, alichukua kalamu tu.

"Mama," alimwambia kwa upole, "tangu uolewe, kwa siku ulikuwa unavuta sigara ngapi?"

Mama alishusha kanga. Alimgeukia baba, si kwa hasira, kama mtu anayeomba kukumbushwa.

"Zake zote," alisema.