Watu Kumi na Mmoja kwenye Simu Moja

Siku ya kujibiwa barua yangu ya posa, mvua ilikata barabara ya Muleba, ikabidi wakwe watarajiwa watujibu kwa simu ya pamoja. Nilihesabu waliounganishwa: kumi na mmoja. Nikahesabu tena: kumi na mmoja, na wote wanaongea. Mimi nilingoja neno moja tu, kama wamenikubali.

Kwetu Wahaya hufiki kwenye hoja kabla ya salamu, na kila mtu humsalimia kila mtu. Salamu ziligongana, zikakatana, zikaanza upya.

"Waitu, ndugu zangu, tupeane zamu!" akapaza sauti baba yangu mdogo, tukiwa kwake mtaa wa Hamugembe. "Aanze mkubwa kwa umri. Wengine mzime maiki."

Mkubwa alikuwa bibi wa mchumba wangu. Akatusalimia mmoja mmoja, akingoja tuitikie. Kimya. Tulikuwa tumezima maiki, watiifu kupita kiasi.

"Watu gani hawa?" akafoka. "Salamu hawaitikii, binti wanamtaka!"

Tukawasha wote kumi kwa mpigo, tukaitikia kama kwaya.

"Ehee, kumbe mna adabu," akacheka. "Basi mchukueni."

Nikamkumbatia baba mdogo, jambo ambalo tulikuwa hatujawahi kufanya, na kelele zetu wote wakazisikia, maana maiki zote zilikuwa wazi.