Mjomba na Turubai Lake

Mjomba, Mungu amlaze pema, alitia dizeli jenereta la kambi kwa miaka ishirini na miwili. Kambi yenyewe ilikuwa mahema kumi kando ya ziwa, mbali na nguzo yoyote ya umeme. Wageni walikuja kusikiliza ndege, wakasikiliza jenereta. Mjomba naye masikio yalikuwa yameshakwisha. Hata sala ya chakula aliisali kwa kupayuka, mkewe akimkumbusha kwamba Mungu si kiziwi.

Meneja akahamia sola, jenereta likauzwa. Mjomba alipewa wiki moja: umeme usipokatika, atabaki kuwa mtunza paneli, ukikatika, aende nyumbani akapumzike. Hakuna kitu alichokiogopa kama kupumzika.

Fundi alifunga paneli nyuma ya stoo, pale pale pa jenereta, mahali ambapo watu walishazoea kupakwepa. Alipoaga, alimsisitizia Mjomba azitunze kama alivyolitunza jenereta. Mjomba akaitikia kwa moyo wote. Basi kila alfajiri akazifuta kwa kitambaa kibichi, na jua lilipoanza kuchoma, akazifunika turubai.

Siku tatu mambo yalikuwa shwari, maana betri zilikuja zimejaa. Siku ya nne, saa tano asubuhi, friji zikazima na mpishi akaanza kulalamika. Fundi alisafiri kwa muda wa saa tatu kurudi. Akakuta turubai limefungwa kamba barabara, na Mjomba ameketi kando yake kama anayemlinda mgonjwa.

"Mzee wangu, mbona umezifunika?"

"Jua kali, mwanangu. Zitaungua."

Fundi alikalia pipa tupu la dizeli, akacheka mpaka machozi. Meneja hakucheka. Alimwambia Mjomba akafungashe. Mjomba akaanza kulikunja turubai, kona kwa kona, bila neno, naye ni mtu ambaye hata salamu zake zilisikika ng'ambo ya ziwa.

Fundi akapitisha kidole juu ya paneli, akakitazama. Hakikuwa na vumbi hata chembe.

"Bosi, huyu mwache," alisema. "Kufunua nitamfundisha sasa hivi. Wa kufuta kila alfajiri sijampata kambi yoyote."

Mjomba alifuta paneli zile miaka tisa mingine. Turubai, meneja alilifungia stoo, na ufunguo akakaa nao mwenyewe.

Siku ya maziko mvua ilinyesha. Meneja akaja na lile turubai, likafungwa juu ya waombolezaji. Mke wa marehemu alilitazama, akafuta macho.

"Angalau leo," alisema, "limefunika panapostahili."