Truphosa na Ile Kimya ya Orie Minase

Ukiuliza mtu wa Kingstanding Truphosa ni nani, atakwambia ni yule dem wa yunifomu ya zambarau anayelia kwa basi. Na usifikirie ni mwanaume. Hakuna mwanaume Birmingham nzima anayestahili hayo machozi. Truphosa analilia nyimbo za mama mmoja wa Japani anaitwa Orie Minase, anayeimba kuhusu mvua, stesheni, na mtu aliyesahau mwavuli. Kijapani Truphosa hajui hata cha kuombea maji. Hiyo habari ya mwavuli aliisoma kwa comments.

Ilianzaje? Autoplay, basi. Alikuwa anatoka shifti Edgbaston, kwa nyumba ya kutunza wazee, akaweka kwaya ya kwao Webuye kwa simu, akasinzia. Kuamka, kwaya imeenda, na ndani ya masikio kuna mama anaimba polepole, kama mtu amebeba kikombe cha chai kilichojaa hadi mdomo na hataki kimwagike. Truphosa akapitisha steji yake. Akapitisha na ile ingine. Basi ikafika mwisho wa laini, ikageuka, dadako bado ameketi, mascara imefika kwa kidevu.

Kutoka hapo ikawa ugonjwa. Akitandika vitanda, ni Minase. Akisukuma wheelchair, ni Minase. Kulikuwa na nyanya Mzungu pale kazini aliyekuwa akikataa dawa mpaka aimbiwe ule wimbo wa stesheni, na akishaimbiwa anameza kama peremende. Truphosa alishika kila neno kwa masikio tu, pamoja na pale Minase anapovuta pumzi.

Sasa, 2018, ule msimu wa joto nyasi za Birmingham zilikauka zikakaa kama za Garissa, ikatangazwa Minase anakuja kuimba London. Mara ya kwanza kabisa Ulaya. Tiketi zilifunguliwa asubuhi saa tatu. Saa tatu hiyo Truphosa alikuwa anaogesha mzee, mikono imejaa sabuni. Kushika simu, zimeisha. Alikaa siku kadhaa kama mtu aliyefiwa. Wenzake kazini wakamletea kadi ya pole.

Aliyemfufua ni Ladan, beshte yake, Msomali wa Eastleigh ya Nairobi anayeuza simu katikati ya mji na mdomo wake hauna off.

"Abaayo, dada yangu, umeketi?" akapiga simu.

"Nimelala."

"Vizuri, usiamke. Kuna karaoke hapo Digbeth, karibu na tauni, Jumamosi mchana. Nyimbo za huyo nyanya yako wa kulia tu. Mshindi anapewa tiketi ya London. Moja."

Truphosa alipiga nduru mpaka jirani akagonga ukuta.

"Na usianze kujisifu," Ladan akaongeza. "Ni mashine inapeana maksi. Imetoka Japani kabisa. Haijui kwenu, haitaki machozi yako."

Wimbo alioujua zaidi ni ule wa mwavuli. Lazima nikwambie kitu kuhusu huo wimbo, ndiyo uelewe balaa iliyokuja. Kabla ya kiitikio cha mwisho, kila kitu kinakatika. Piano, nyuzi, sauti, zii. Kimya ndefu mpaka unaangalia kama simu imezima. Halafu Minase anaingia peke yake, na hapo ndipo roho inakutoka. Mashabiki wanasema hiyo kimya ndiyo wimbo wenyewe.

Truphosa alijua hilo. Wale aliowaalika hawakujua.

Kwa sababu alialika nani? Kwaya yote ya kanisa letu la Birmingham! Wakafika Digbeth kwa lile ghala la zamani lililogeuzwa karaoke, wamevaa sare, wakiongozwa na Njoroge, mwalimu wa kwaya, mwenye besi ya kutetemesha glasi.

"Mwalimu, mnakuja kukaa tu," Truphosa akamwambia mlangoni. "Ni solo."

"Sister Truphosa, sisi tuko nyuma yako."

"Mkae huko huko nyuma."

Aliyemtangulia alikuwa Mzee Sukhdev wa Handsworth, singasinga aliyezaliwa Ngara, Nairobi, kilemba cha pinki, macho yamefungwa. Huyo mzee akaimba Kijapani mpaka Ladan akasahau kurekodi. Mashine ikampa tisini na tatu.

"Wueh," Ladan akanong'ona. "Umekufa."

Truphosa akapanda. Akaanza ule wa mwavuli, na walahi aliimba. Kile kikombe cha chai hakikumwagika hata tone. Ikafika ile kimya. Akafunga macho.

Sasa kwa kanisa letu, mtu wa solo akinyamaza ghafla, ina maana mbili tu: amesahau, au amezidiwa. Na hakuna kuachwa hapo mbele na aibu yake, anabebwa. Kwaya ikaangaliana. Njoroge akasimama.

"Tumbebe!" akasema.

Na wakambeba! Soprano, alto, tenor, na ile besi, kwa tune ya Minase, na kwa vile maneno hawakuwa nayo wakajaza haleluya. Makofi juu. Mama mmoja akatoa vigelegele. Kiitikio kikarudi, sauti ya Truphosa ikazama humo ndani kama sukari kwa uji, na besi ya Njoroge iko kwa key ingine kabisa. Mashine ikasoma: hamsini na nane.

Truphosa akashuka mbio. "Mwalimu! Ile kimya ilikuwa kwa wimbo!"

"Kimya gani inakuwa kwa wimbo?" Njoroge akauliza, jasho linamtoka, amefurahi kama amemwokoa kwa mto.

Ni Sukhdev aliyesimama, akamwendea mama Mjapani mwenye karaoke. "Mpe huyu mtoto nafasi ingine," akasema, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili kwaya isikie vizuri. "Mimi nataka kushinda mtu. Sitaki kushinda kelele."

Yule mama akakubali. Mara moja tu, na kwaya ikitoa hata pumzi, wote nje.

Truphosa akarudi juu. Tiketi moja. London. Akaimba tena toka mwanzo, safi. Ikafika kimya.

Zii.

Hapo akafanya kosa la kufungua macho. Njoroge amejiziba mdomo kwa tai. Mashavu yamefura kama ya mpiga tarumbeta, macho yanamtoka, mabega yanaruka, mtu anateseka kwa ajili yake! Yule mama wa vigelegele amekaliwa na watu wawili. Truphosa akajikaza. Akauma ulimi. Kicheko kikapanda kutoka tumboni, na saa ya kuingia ikafika kikiwa kooni, ikabidi aimbe nacho hivyo hivyo, kila noti inatetemeka hihihi kama turubai kwa upepo. Machozi ya kucheka yanamwagika. Akajua basi, kwisha habari.

Mashine ikafikiria sana. Halafu nyota zikaanza kumwagika kwa skrini, mfululizo.

"Ni nini hiyo?" Ladan akauliza.

"Mtetemo," mwenye karaoke akasema, hajiamini. "Inahesabu mtetemo wa sauti. Sijawahi kuona mwingi hivi."

Tisini na nne.

Hapo sasa kwaya ilipewa ruhusa, na Digbeth nzima ilijua. Sukhdev alimpungia Truphosa mkono. "Mimi nimefanya mazoezi miaka, wewe unashinda na kicheko! Mwizi mkubwa!" Naye alikuwa anacheka mpaka kilemba kinalegea.

Truphosa alibusu ile tiketi, akaificha kwa sidiria, akaitoa aione tena. Kisha akasikia simu yake ikilia, na ya Ladan, na za kwaya yote pamoja. Njoroge alikuwa ameposti kwa grupu ya kanisa: *Nani ana van ya watu kumi na sita? Sister anaenda London. Hatuwezi kumwacha peke yake.*

"Mwalimu," Truphosa akasema polepole, "tiketi ni ya mtu mmoja."

"Tutakaa nje," Njoroge akamjibu. "Huyo mama wa Japani akisahau maneno, atatusikia."