Siku Mama Bernardine Aliposhuka

Mama Bernardine wa Luberizi akishakaa kwenye gari langu, hashuki mpaka afike. Muulize yeyote. Miaka yote nambebea mchele wake kwenda soko la Luvungi, na kiti cha mbele ni chake, hata aje padri. Ni mama mnene, goti moja linamsumbua, na mdomo wake, weh! Mwambie "sogea kidogo" uone. Mimi Jean-Berchmans nimegombana naye kuliko na mke wangu, na bado nampenda.

Asubuhi ile alinipigia simu: binti yake, Spès, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mimba ya kwanza alichelewa kufika hospitali, mtoto akafa, na Spès alikuwa peke yake kwa sababu mama alikuwa sokoni. "Mara hii simuachi," akaniambia. Siku hiyo aliacha kiti chake, akakaa nyuma na Spès, katikati ya magunia ya mchele niliyokuwa nimeshapakia. Soko tulilipita bila kusimama. Nani angeshusha mchele na binti analia vile?

Tulipokuwa tunaelekea hospitali ya Lemera, ng'ombe wakajaa barabarani. Nikapunguza mbio, gari likazimika. Betri ilikuwa imekufa zamani, dawa yake ni kusukuma tu: likipata mbio ya kutosha, injini inashika. Mbele yetu palikuwa na kipande kifupi cha tambarare, halafu kilima. Lisiposhika kabla ya kilima, basi.

Vijana wanne walitoka shambani kutusaidia. Wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, gari likaenda polepole kama bibi harusi. Tukafika kilimani, wapi! Wakalirudisha nyuma. Mimi nikaanza kelele: "Sukumeni kama wanaume!"

"Wacha kutukana batoto ba bantu!" Mama Bernardine akanikata. "Nguvu yao iko ile ile. Muzigo ndiyo mingi. Mushushe muchele!"

Magunia yakashushwa. Vijana wale wale, kusukuma kule kule, lakini sasa gari likachangamka mapema. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikakata. Bado kidogo tu! Nilipiga usukani ngumi kwa hasira.

Nikageuka nyuma. Nikamtazama mara moja tu, naapa.

"Jean-Berchmans, weye unaniangalia nini?" akauliza. Nikarudisha macho kwenye usukani, nilikuwa namwogopa. Akashusha pumzi. "Ee. Minye ndiyo nimebakia."

Spès akamshika kitenge. "Mama, usiniache tena!"

Ile "tena" ilituchoma sote. Mama Bernardine akamfungua vidole polepole. "Mwanangu, kwa hii gari minye niko muzigo. Nikishuka, unafika."

Akashuka, goti lake likimuuma, uso wake umekunjamana. Kusukuma hangeweza. Akasogea pembeni, vijana wakalirudisha gari nyuma tena, akawaambia, "Sasa!"

Ai, gari liliruka! Kilima bado kiko mbele, injini ikashika, ikanguruma. Nilitaka kusimama nimchukue, lakini gari lile likisimama linazima, naye alilijua vizuri kuliko mimi. Kwenye kioo nilimwona amekaa juu ya magunia yake, anapunga kitenge kwa nguvu, anapiga kelele, "Enda! Enda!" Spès alilia njia nzima. Na mimi nililia, kwa nini nifiche?

Mchana Mama Bernardine akafika hospitalini kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, anamgombeza dereva kwamba amemtingisha. Akaingia, akasimama mlangoni, akaogopa kusogea. Sijawahi kumwona anaogopa kitu.

Spès akamwinulia mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti ya bibi yake kabisa.

"Mama," akasema, "kamata muzigo yako."

Mama Bernardine akamkamata. Mdomo wote ule akauficha kwenye shavu la mtoto. Alilia tu, mbele yetu sote.