Ruthu Aliyerudi Zuzu Mara ya Nne

Usiku ule Anyesi hakulala. Kila mara simu ya bintiye ilipowaka sebuleni, alijikohoza chumbani ili Ruthu ajue mama yake yu macho. Walikuwa wakingoja jibu la wafadhili. Wakikataa, kituo cha vijana cha Mkonze anakofanya kazi Ruthu, wanakofundishwa ngoma na zeze, kingefungwa mwisho wa mwezi.

Wafadhili walikuwa wametaka picha za vijana wakiwa peku, nguo zimechanika. Ruthu akawatumia picha ya wasichana wamebana ngoma mapajani, shanga shingoni, wanacheka.

"Si ungewapa tu wanachotaka," Anyesi alimwambia.

"Ningekuwa mimi kwenye hiyo picha, mama, ungekubali?"



Kazi ya Ruthu kwa miaka kumi na miwili ilikuwa kuomba misaada. Alianzia kikundi cha maigizo pale mtaa wa Kikuyu, akitafuta mavazi na nauli. Kisha akaenda Kondoa, kwenye shirika la vijana waliotoka mitaani, na watu walioanza kwa kumkwepa wakaishia kumpigia simu wenyewe. Kanisani Anyesi alisema tu kwamba binti yake yuko ofisini. Wagogo wenzake wamesimangwa vya kutosha kwa kuomba, na yeye kazaa anayeomba kwa barua yenye muhuri.

Alfajiri jibu likaja. Hapana.

Ruthu alilisoma mara moja, akamaliza chai yake yote, akavaa viatu.

"Naenda Zuzu kwa Mzee Shaaban, mwenye mashine ya kukamua alizeti."

"Si alishakufukuza?"

"Mara tatu. Ya kwanza barabarani, ya pili getini, ya tatu nikiwa nimeshakalia kiti. Huoni nasogea?"

Anyesi akajifunga khanga, akamfuata. Hakuwahi kumwona mwanawe kazini.

Walipofika, Ruthu alipiga hodi. Mlango haukufunguliwa.

"Shikamoo, mzee. Ni Ruthu wa Mkonze."

"Marahaba. Nilishasema sina."

"Ulisema. Leo sijaja na karatasi. Jumamosi vijana wanapiga ngoma, njoo uwasikie. Ukishawasikia, ukisema hapana nitaondoka kwa amani."

Sauti yake haikutetemeka wala haikubembeleza. Alisema kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni mezani. Anyesi alimtazama kisogoni, mtoto aliyembeba mgongoni, akajiuliza moyo huo kautoa wapi. Yeye hata chumvi hajawahi kuomba kwa jirani.

Pazia la dirisha likasogea.

"Huyo aliyejificha nyuma yako nani?"

"Mama yangu."

"Eti mama, na wewe umekuja kuniomba?"

Anyesi akapiga hatua moja, akasimama bega kwa bega na bintiye.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nimekuja kukuomba. Watoto wanapiga vizuri. Njoo."

Kisha komeo likavutwa, na mlango ukafunguka.