Viatu Mlangoni mwa Chumba cha Kompyuta

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mjini, niliongoza kituo cha chuo kikuu kilichowakutanisha wanahisabati, madaktari na wahandisi wa maji kwenye chumba kimoja chenye kiyoyozi. Kompyuta zilikuwa chache na vumbi tuliliogopa kuliko wezi, kwa hiyo kila aliyeingia alivua viatu. Nikifika kutoka nyumbani Kimara, nilitazama mlangoni kwanza: viatu viliniambia nani yumo.

Asubuhi ile nilikuta jozi moja tu. Idara nyingine ilikitaka chumba, na mkuu wa kitivo alikuwa anakuja kujionea kama kweli tunafanya kazi pamoja. Jozi ile ilikuwa ya mwanahisabati wetu, viatu vya kisigino. Aliandika programu ya kukadiria mbu wanaozaliwa baada ya mvua, na juzi yake yeye na daktari wa malaria walikuwa wameachana kwa hasira juu ya programu hiyo.

"Tuazime viatu kwa majirani tuvipange hapo," mwanahisabati alisema bila kuinua macho. "Mzee hatahesabu miguu."

Sikucheka.

Daktari akatokea, raba zake za mtumba zimejaa tope la Temeke alikokuwa akitafuta viluwiluwi vya mbu. Alizivua, akamwendea mwanahisabati moja kwa moja.

"Dada, mbu wa programu yako hawafi hata mvua ikikatika. Dimbwi limebaki tope, kiluwiluwi hakuna."

"Labda wamekukimbia, kaka."

"Njoo Temeke uone."

"Kwa viatu vipi?"

Sauti zilipanda. Nilipogeuka kufunga mlango, mkuu wa kitivo alikuwa amesimama pale, viatu vyake vyeusi vinang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alizitazama raba zenye tope kando ya vile vya kisigino. "Wanagombana hivi kila siku?"

Nilimwambia ukweli. "Karibu kila siku, mzee."

"Kwa ajili ya mbu?"

"Mbu na mvua."

Alisikiliza kidogo. "Kule kwangu idara na idara hazijuani hata kwa salamu. Kaeni na chumba hiki hadi muhula uishe, halafu tutaona."

Aliondoka bila kuvua viatu. Ndani hawakujua hata kama alikuja; mwanahisabati alikuwa anabadilisha hesabu ya mvua, daktari amesimama nyuma yake na soksi zenye tope. Muhula ule wote nilifika mapema nikitazama mlangoni, na jozi ya raba au ya kisigino ikikosekana, sikuingia mpaka mwenyewe atokee.